Viporo: askari 46 wa vita vya Tanga bado wana praima tu, na mwisho ni 31 Oktoba

MdigoWaDerby (8 Agosti)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, na naomba mnisome mpaka chini ndipo mcheke.

Mimi mtoto wa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu. Sasa niko Derby, Uingereza, huu mwaka wa kumi na mbili, napanga vifurushi ghalani zamu ya usiku. Huku nimepata ugonjwa mmoja: kupaka rangi vijisanamu vya askari na kuvipiganisha mezani kwa rula na dadu. Kila kimoja kina milimita 28, karibu sawa na kizibo cha soda ukikisimamisha wima. Unavinunua vitupu, vya plastiki au vya madini, unakata, unagundisha, unapaka, na ukishapaka unacheza. Nottingham, nusu saa tu kwa treni kutoka kwangu, ndiyo Kariakoo ya mchezo huu. Games Workshop wanaovitengeneza wako pale, Warlord Games wako pale, Perry Miniatures wako pale. Ukiwa na mshahara mfukoni usipite.

Klabu yetu ina desturi. Kila Januari mwanachama anaandika atamaliza nini mwaka huo, karatasi inabandikwa ukutani juu ya birika la chai, na ikifika tarehe 31 Oktoba anayeshindwa anatoa pauni moja kwa kila kijisanamu alichobakiza. Hela inanunua biskuti. Miaka mitatu mfululizo biskuti za klabu nimezinunua mimi, mpaka katibu akiniona anauliza mwaka huu tule za chokoleti au za tangawizi.

Sasa Januari hii nikajitia wazimu nikaandika kwa herufi kubwa: TANGA, 4 NOVEMBA 1914. Vijisanamu 84. Wenzangu wote meza zao ni Napoleon na vita vya Normandy, nikaona na mimi niweke ya kwetu. Mliosoma mnakumbuka: Waingereza walishusha Ras Kasone jeshi la kutoka India, kama watu 8,000, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, wengine wakaletwa kwa reli kutoka Moshi. Waingereza waliosalia wakarudi melini wakaacha bunduki za rasharasha na risasi maboksi kwa maboksi. Bibi yangu alikuwa akisema nyuki ndio walioshinda, Mjerumani alikuja kuchukua sifa tu. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba nyuki wale waliuma pande zote mbili. Bibi sikumwambia.

Hali ilivyo: 38 tayari, 46 wana praima nyeusi tu, yaani rangi ya chini ya kuanzia, wamejipanga kwenye kibao juu ya kabati wananitazama. Tangu Aprili sijagusa hata mmoja.

Kilichonikwamisha cha kwanza ni Februari. Nilikuwa na 12 wamekamilika, nikawapeleka kwenye kibanda cha bustani kuwapulizia vanishi, nje baridi ya nyuzi 3 na mvua ya rasharasha. Asubuhi nikakuta wote wamefunikwa weupe kama wamelala kwenye unga wa muhogo. Wale 12 wamo kwenye hao 38 kwa jina tu, mezani siwezi kuwaweka.

Cha pili ni sura, na hapa ndipo penyewe. Nguo hazinisumbui. Kaki ni kaki. Niliwapiga wale wa kwanza rangi za Contrast, zile zilizotoka 2019 zinazojimwaga zenyewe kwenye mikunjo, jioni moja nguo za watu 20 zimekwisha. Ila rangi zinazouzwa kwa jina la “ngozi” nyingi ni za waridi. Nikanunua kichupa kimoja cha kahawia, nikatoka kazini saa 12 asubuhi, nikakaa nikapaka sura 20 kabla ya kulala. Kuamka jioni naona ndugu 20 wa tumbo moja. Askari wale walikuwa Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, mimi nimewazaa wote kutoka kichupa kimoja! Nikasema niwape mwanga kidogo usoni, nikachanganya kahawia na nyeupe. Wakawa wamepakwa majivu.

Basi nikaamua kuwavua rangi. Huku wanatumia Dettol, ile ile ya nyumbani, unaloweka usiku kucha, rangi inalegea unasugua kwa mswaki. Nilichosahau ni kwamba usisuuze kwa maji mpaka umekwisha kuitoa rangi yote kwa Dettol yenyewe. Mimi nikafungua bomba. Ile rangi ikageuka ulimbo. Vidole, sinki, mswaki, askari, vyote kitu kimoja. Mama Zuhura akarudi kutoka kazini akauliza kwa nini nyumba inanuka wodi ya wazazi.

Tangu hapo nikikaa mezani mkono hauendi. Nafungua kiporo kingine badala yake, maana ninavyo: askari wa anga za juu 30 niliowaanza 2019, nusu wana mikono nusu hawana, jahazi la mbao za balsa la kuweka bandarini, limekwama kwenye mbavu, na boksi jipya nililonunua Mei ambalo liko ndani ya boksi la viatu. Hilo naomba libaki humu humu.

Maswali yangu: mtu anamalizaje? Sura za watu weusi mnazichanganyaje zisiwe pacha wala majivu? Na nyuki nitawatengenezaje?

---

Kibopa_Original

Mtu mzima na vidoli. Ughaibuni kuna raha.

MdigoWaDerby

Mkuu, wewe mechi za kiporo za timu yako unazijua kwa tarehe na uwanja. Niachie na mimi zangu.

---

FundiRangi_Keko

Mkuu, hivyo vijitu sijawahi kuviona, ila rangi ni rangi. Niko Keko, nanyunyiza magari na kuchora nyuma ya daladala, mwaka wa 19 huu.

Vanishi yako haikuharibika, imekunywa unyevu. Huku masika ikianza ukipuliza kliya, vanishi yetu ya magari, jioni, mlango wa gari unatoka mweupe hivyo hivyo. Usikwangue na usivue. Ngoja siku kavu, wapashe hao watu chumbani kwanza, kopo nalo liweke kwenye maji ya vuguvugu, ya kunawa siyo ya chai, litikise mpaka mkono uchoke, halafu puliza vanishi ya kung'aa, nyepesi, ukiwa umbali wa mkono. Jaribu mmoja. Weupe ukiondoka, malizia wengine, na kama hutaki wang'ae unapiga isiyong'aa juu yake siku nyingine. Hapo una 12 wako bila kushika brashi.

Sura. Swali langu ni moja: kwa nini unaiacha mwisho? Mimi nikipewa basi nichore mtu nyuma, mchezaji au mchungaji, naanza na sura. Sura ikikataa nafuta, nimepoteza saa moja. Ukianza na shati, ukamaliza shati, ukamaliza kofia, ukafika usoni mkono umechoka na una hofu ya kuharibu kazi ya siku nzima. Wewe unaogopa shati lako, huogopi sura.

Na praima nyeusi ya nini? Piga ya kahawia iliyoiva. Ukimaliza kupuliza, mtu wako tayari ana ngozi, kazi yako ni kumvalisha. Changanya vikopo vitatu usiku mmoja, andika namba: cha kwanza kahawia na tone la nyekundu, cha pili kahawia na njano ya haradali, cha tatu kahawia na buluu ya usiku kidogo sana. Kupandisha mwanga usitie nyeupe kabisa, nyeupe ndiyo majivu yako. Tia haradali, au rangi ya tofali. Juu ya paji, juu ya pua, mashavu, basi. Midomo iwe na wekundu uliofifia. Kiganja kiwe cheupe kuliko mgongo wa mkono, hapo ndipo wengi wanajisahau, na jicho la mtu linajua hata kama yeye mwenyewe hajui.

Usipake watu 20. Paka wanne. Kutoka leo mpaka 31 Oktoba ni wiki 12. Gawanya mwenyewe.

Halafu kama rangi inakukaukia kwenye kisahani kwa sababu ya hita, chukua sponji ya vyombo, iloweshe, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, rangi weka juu ya karatasi. Inakaa mpaka kesho.

---

Kariokor_Mtaa

Salamu kutoka Nairobi. Bro, nimeisoma yote, na Fundi hapo juu amesema kweli, sina la kuongeza kwa rangi. Mimi niko na neno moja uliloandika bila kufikiria: umeita Nottingham “Kariakoo”.

Unajua hilo jina limetoka wapi. Carrier Corps. Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wao hapo Dar, watu wakatamka wanavyoweza, ikawa Kariakoo. Huku kwetu ikawa Kariokor, na ndiko ninakoishi, ndiyo maana jina langu. Kwa vita ile wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi, kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa. Sasa wewe una 84 mezani. Wapagazi ni wangapi?

Ukitaka mfano wa kupaka, pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za hiyo vita. Waliosimama juu ni watatu, na mmoja ni mpagazi. Nitapita Jumamosi nipige picha pande zote, niziweke hapa. Dar mko na ile ya 1927 ya Posta, lakini yule ni askari pekee yake na beneti. Na kwa upande wa Mjerumani tafuta picha za Walther Dobbertin, alikuwa na kamera huko huko vitani, ziko mtandaoni bure. Nyeusi na nyeupe lakini utaona jinsi kila mtu alifunga mzigo tofauti.

---

MdigoWaDerby

Fundi, umenisoma kama daktari. Shati ndilo ninaloliogopa.

Kariokor, ndugu yangu, umenikamata pabaya. Niliandika askari 46, wote na praima, wote kibaoni. Si kweli. Askari ni 30. Kumi na sita ni wapagazi, wako kwenye mfuko wa nailoni, hata kuwagundisha kwenye vitako vyao sijafanya, na kwenye kichwa cha habari nimewaita askari kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuwahesabu. Niliwanunua kwa kuwa kila kampuni ya Wajerumani ilikuwa na wapagazi wake na nilitaka meza iwe sahihi. Ila kwenye kanuni tunazochezea mpagazi hapigi, hana dadu, ukimpoteza hupotezi kitu. Nikawa nawasogeza nyuma ya foleni kila wiki. Naona aibu kuandika hivi, mimi niliyepita kwa mguu Kariakoo ya Dar likizo zote nikienda kwa mjomba Mtaa wa Msimbazi.

---

BintiMalindi

Asalaam alaykum. Niko Muscat, asili Malindi ya Unguja. Hayo mambo ya vita siyajui, mimi nashona kofia. Ila viporo navijua, ninavyo kabati zima.

Nina kofia nilianza kumshonea kaka yangu avae siku ya harusi yake. Ana watoto watatu sasa. Kila nikiitoa nashona vitundu viwili vitatu, naona mkono wangu wa leo si ule wa siku zile, vitundu vyangu vya zamani vikubwa, naona haya, naifunga. Mwaka juzi mama alinikalisha kitako akaniambia: Mwanangu, kiporo kingine hakipashwi moto, kinamwagwa. Akanifanya nizitoe zote nizipange kitandani, kofia kumi na moja. Kila moja akauliza, hii ukiimaliza nani ataivaa? Zilizokuwa na mtu zikabaki nne. Saba nikawapa mabinti wa jirani wanaojifunza, wafumue au wamalizie, shauri yao. Ya kaka ilibaki, na vitundu vyake vikubwa vikabaki. Nilimpa Idi iliyopita. Hakuona tofauti, wanaume hawaoni.

Sasa wewe kaka, hao wa anga za juu, ukiwamaliza ni wa nani? Na hilo boksi la viatu, mkeo analijua. Wake tunajua uzito wa viatu.

---

FundiRangi_Keko

Dada wa Muscat kamaliza kila kitu 😂

Nyuki: chukua mbegu za mchicha, gundisha kwenye waya mwembamba kama nywele, gusa njano kisha nyeusi.

Kariokor_Mtaa

Fundi, piga hesabu. Mtu wa milimita 28 ni kama mara 56 mdogo kuliko mtu wa kweli. Mbegu ya mchicha ni milimita moja. Huyo nyuki ni sentimita tano na nusu, anabeba kifaranga.

FundiRangi_Keko

Ndiyo maana Waingereza walikimbia.

---

MdigoWaDerby (30 Agosti)

Wakuu, nimerudi na taarifa.

Vanishi: Fundi, mkono wako upo mpaka Derby. Nilingoja siku ya nyuzi 24, nikajaribu kwa mmoja, nikaona weupe unayeyuka mbele ya macho kama sukari. Kumi na wawili wote wamepona, ila mmoja ana unyoya wa brashi umenasa shavuni, huyo nimemwita majeruhi.

Dada BintiMalindi, niliwapanga kitandani kama ulivyosema. Wale wa anga za juu nimempa kijana wa mwenzangu kazini, ana miaka 14, alivyolipokea boksi alikuwa hapumui. Nilidhani nitaumia. Nilikwenda nyumbani nikalala saa saba mfululizo. Jahazi limebaki, kwa sababu Tanga bila jahazi siijui. Na la boksi la viatu ni kweli, analijua tangu Mei. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Kuhusu kazi yenyewe: nilianza na wapagazi. Nimewapiga praima ya kahawia, vikopo vitatu vyenye namba, sura kwanza, wanne kwa wanne, asubuhi nikitoka zamu, kabla ya kulala. Picha zako Kariokor nimezichapisha nikazibandika juu ya meza, ahsante kwa kulipa parking ili unipigie mimi mtu wa shaba. Kitu ambacho sikukitegemea: wapagazi ni watamu kupaka kuliko askari. Askari wote kaki, mikanda ile ile, kofia ile ile ya kaki yenye kitambaa shingoni. Mpagazi mmoja kafunga shuka, mwingine kavaa fulana imechanika, mwingine kifua wazi, sanduku hili jeupe, lile la bati, lile furushi limefungwa kwa kamba ya katani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 27. Mimi ghalani kifurushi kikipita kilo 23 kinabandikwa alama ya kuinuliwa na watu wawili. Nimepaka kamba za mizigo kwa brashi ndogo kabisa, na bega limeniuma kwa kutazama tu.

Nikagundua pia kitu cha kijinga. Kwa sababu hawana sare, nilikuwa naogopa kuchagua rangi. Kaki ilikuwa inanichagulia. Sasa nachagua shuka za watu 16 nikisimama mbele ya kabati la kanga za Mama Zuhura.

Klabuni nimewaomba tubadili kanuni kidogo tutakapocheza: kampuni ikipoteza wapagazi wake, raundi inayofuata bunduki ya rasharasha haina risasi. Mzee mmoja wa Napoleon alinuna, wengine wamekubali. Pia nimewaeleza kwamba askari wengi wa Mjerumani siku ile walikuwa na bunduki za mwaka 1871, zile za baruti nyeusi, kila ukifyatua moshi unakusema ulipo. Tutaweka pamba. Pamba ninayo, imebaki kwenye ile kazi ya Dettol.

Sasa hesabu. Wapagazi 15 nimepaka mimi. Wa 16 sikumwona kwenye kibao Jumanne asubuhi, nikatafuta mpaka chini ya jokofu. Zuhura alikuwa naye chumbani, ana miaka tisa, kampaka kanzu ya zambarau na mzigo wa waridi. Nikamwuliza kwa nini zambarau. Akasema, “Baba, wengine wote umewavisha nguo za kazi.”

Nimepeleka swali kwa katibu. Kajibu anahesabika. Wamebaki 30, nyuki sijaanza.